Nyumba Ni Moja, Ofisi Ni Mbili: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Afya ya Watu na ya Wanyama

Waheshimiwa mawaziri wa afya na wa mifugo, makatibu wakuu, wakurugenzi, waganga wakuu, madaktari wa mifugo wa serikali, na ninyi mnaoshika kalamu bajeti inapogawanywa,

Salaam kwenu.

Mimi ni mzazi. Kwangu kuna watoto, kuna mbwa na kuna paka, na wote hulala chini ya paa moja licha ya amri zangu kwamba mbwa alale nje. Sina cheo, wala sina chama ninachokisemea. Ninayoyajua nimeyapata kama wazazi wengi wanavyoyapata: kwa kusoma, kwa kuwasumbua wataalamu kwa maswali, na kwa kukaa sana kwenye mabenchi ya kusubiria, ya hospitali za watu na ya kliniki za wanyama.

Mabenchi hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Hakuna daktari wa watoto aliyewahi kuniuliza kama nafuga mnyama. Hakuna daktari wa mifugo aliyewahi kuniuliza kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, mjamzito, au mzee ambaye kinga yake imeshuka kwa dawa za saratani. Kila mmoja anatibu nusu ya nyumba yangu, ananiandikia dawa, ananiruhusu niende. Pale katikati, mtoto anapomkumbatia mbwa na paka anapojikunja kitandani, hakuna ofisa hata mmoja anayepaangalia.

Najua hili mnalijua, na mmeshalipatia jina: Afya Moja. Mashirika manne ya kimataifa, la afya, la chakula na kilimo, la afya ya wanyama na la mazingira, yamekubaliana kulifanyia kazi kwa pamoja, na semina zimefanyika nyingi. Sina ugomvi na semina. Ninachoomba ni Afya Moja itoke kwenye mabango ya kumbini, ifike kwenye benchi nililokalia.

Nianze na kichaa cha mbwa, kwa kuwa hapo ndipo hasara ya kutengana kwenu inapozikwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, katika nchi zaidi ya 150. Asilimia 99 ya wanaoambukizwa huambukizwa na mbwa. Takriban wanne katika kila kumi ya wahanga ni watoto wa chini ya miaka 15. Na huu si ugonjwa mpya unaotafutiwa kinga. Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa na mbwa, Julai 1885, na mtoto yule akaishi hadi utu uzima. Tuna chanjo ya mtu na tuna chanjo ya mbwa. Tunachokosa ni mtu mmoja wa kuulizwa kwa nini bado tunazika.

Watoto wanaumia zaidi kwa sababu zinazoeleweka kwa yeyote aliyewahi kulea. Mtoto ni mfupi, hivyo meno ya mbwa humpata usoni, kichwani na shingoni, ambako virusi havina safari ndefu kufika kwenye ubongo. Tena mtoto aliyekatazwa kumchezea mbwa wa jirani, akikwaruzwa, hasemi. Atalificha jeraha chini ya mkono wa shati, litapona, na nyumbani watasahau. Dalili kwa kawaida huja miezi miwili au mitatu baadaye, ingawa zinaweza kuja baada ya wiki moja au hata baada ya mwaka. Zikishaanza, hospitali karibu haina la kufanya isipokuwa kumpunguzia mgonjwa mateso.

Sasa niwaeleze nilichokiona. Nilikuwa kwenye foleni ya mapokezi na mtoto wangu mwenye homa. Mbele yangu alikuwa mama na mwanawe wa kiume, mkono umefungwa kitambaa cha kichwani cha mama huyo huyo, damu imeshakauka pembeni. Mbwa, alisema. Aliulizwa mbwa wa nani. Hakujua. Akaambiwa akalete kwanza barua kutoka kwa ofisa wa mifugo, ofisi ambayo muda huo ilikuwa inakaribia kufungwa. Sitaitaja hospitali ile, kwa kuwa nina hakika mpokezi hakuwa katili. Alikuwa anafuata utaratibu aliopewa. Kilichonikaa moyoni ni bomba. Hatua kama kumi kutoka dirishani kulikuwa na sinki, bomba linatoa maji, kipande cha sabuni kipo juu yake. Hakuna aliyemwambia mama yule amfungue mtoto kitambaa, amwoshe.

Kuosha ndiyo tiba ya kwanza, na ni ya bure. Jeraha la kung'atwa au kukwaruzwa na mnyama anayeshukiwa linapaswa kuoshwa kwa maji mengi na sabuni kwa muda usiopungua dakika 15, kwa sababu ganda la nje la virusi hivi ni la mafuta na sabuni hulivunja. Dakika 15 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mzazi mwenye hofu huosha kwa nusu dakika, akaanza kutafuta usafiri. Kisha ndipo mtu akimbilie chanjo, na kama jeraha limepenya ngozi, apate pia kingamwili zinazodungwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe. Haya yote yako kwenye miongozo yenu. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo kiasi cha kuonekana la mzaha: kila mapokezi ya kituo cha afya yawe na sinki lenye sabuni, tangazo la mistari mitatu ukutani, na ruhusa ya wazi kwa mpokezi, mlinzi au mfagiaji kumwambia aliyeng'atwa, "Osha kwanza, nitakuandikisha ukiwa unaosha."

Ombi la pili ni kufutwa kwa sharti lolote la kumtaka majeruhi alete karatasi kutoka kwa mifugo au polisi kabla ya sindano ya kwanza. Karatasi zitafutwe na ofisi, si na mama mwenye mtoto mgongoni. Simu zipo. Muuguzi ampigie daktari wa mifugo wa eneo, ampe maelezo ya mbwa na mahali, naye aende kumtafuta. Mbwa akipatikana akiwa mzima, achungwe siku kumi. Akimaliza siku hizo kumi bila dalili, ina maana siku aliyong'ata mate yake hayakuwa na virusi, na dozi zilizobaki zinaweza kusitishwa. Yaani daktari wa mifugo akifanya kazi yake vizuri anaokoa chanjo kwenye friji ya hospitali. Lakini sindano ya kwanza isimsubiri.

Na kuhusu friji hiyo: tunaambiwa mara kwa mara kwamba chanjo imeisha, au ipo lakini ni ghali. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza utaratibu wa kuchoma kiasi kidogo sana, sehemu ya kumi ya mililita, ndani ya ngozi badala ya ndani ya msuli, sehemu mbili za mwili, siku ya kwanza, siku ya tatu baada ya hapo, na siku ya saba. Wiki moja, mtu amemaliza. Kwa njia hii kichupa kimoja kinawatosha wagonjwa kadhaa wakija siku moja. Yanayohitajika ni wauguzi wafundishwe kuchoma ndani ya ngozi, stadi ambayo wengi wao wanayo tayari kwa kuwa ndivyo watoto wachanga wanavyochomwa chanjo ya kifua kikuu. Kituo ambacho bado kinatumia kichupa kizima kwa mtu mmoja na kumrudisha wa pili nyumbani kinapaswa kutueleza kwa nini.

Hata hivyo, kuwachanja watu waliokwisha kung'atwa ni kupambana na ugonjwa mwishoni. Mwanzo wake uko kwa mbwa, na hapa ndipo nawataka waheshimiwa wa wizara zote mbili mtazamane usoni.

Mbwa hakamuliwi, hachinjwi, hasafirishwi nje kuleta fedha za kigeni. Kwa hiyo wizara ya mifugo ikipanga vipaumbele vyake, ng'ombe, mbuzi na kuku wanatangulia, na mbwa anapata kilichobaki, ambacho mara nyingi ni posho ya siku moja ya maadhimisho. Wizara ya afya nayo inasema mbwa si wa kwao. Matokeo yake ni hesabu ya ajabu: chanjo ya mbwa, ambayo ni rahisi sana, inakosa mwenyewe, na chanjo ya mtu, ambayo ni ghali mara nyingi zaidi, inanunuliwa kila mwaka na haitoshi. Fedha za kinga na fedha za tiba ziko mifuko tofauti, na anayeokoa upande mmoja haoni faida upande wake.

Mexico ilimaliza ubishi huu kwa namna ya moja kwa moja. Wizara ya afya yenyewe ndiyo iliyobeba kazi ya kuchanja mbwa, kwa kampeni kubwa za bure kuanzia miaka ya 1990, na Novemba 2019 ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba vifo vya watu kutokana na kichaa kinachoenezwa na mbwa si tatizo tena la afya ya jamii. Hawakusubiri mbwa awe na thamani sokoni. Waliona kwamba anayekufa ni mtu, basi bajeti itoke kwa anayehusika na mtu.

Kipimo kinachojulikana ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo, na kurudia kila mwaka, kwani mbwa huzaana upesi na hufa upesi. Waliochanjwa mwaka huu watakuwa wachache mwakani hata kama hakuna aliyekosea. Watoto wa mbwa nao wachanjwe siku hiyo hiyo ya kampeni. Kumrudisha mtoto aliyembeba mbwa mdogo kwa maelezo kwamba "hajafikisha umri" ni kumpoteza, maana mwezi unaofuata hakuna kampeni.

Na tafadhali, acheni kutuma watu wa kuwapiga risasi na kuwategea sumu. Mauaji ya mbwa yamejaribiwa sehemu nyingi duniani na hayajaumaliza ugonjwa huu. Wengi wa wanaoitwa mbwa koko wana mwenyewe, ila hawana uzio. Akiuawa, mwenyewe anatafuta mwingine, mdogo, asiye na chanjo. Na miongoni mwa waliouawa wamo waliochanjwa mwezi uliopita kwa fedha zenu wenyewe. Mbaya zaidi, watu wakishaona serikali inakuja na sumu, siku ikija na sindano wanawaficha mbwa uvunguni. Mimi ningemficha wangu.

Nitoke kwenye kichaa, ingawa ningeweza kuendelea hadi kesho.

Minyoo. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa wakiwa na minyoo ya mviringo tayari, waliyoipata kwa mama tumboni. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi, hukaa udongoni wiki kadhaa hadi yaweze kuambukiza, kisha hudumu humo kwa muda mrefu sana. Mtoto anachezea mchanga, anaweka kidole mdomoni, na viluwiluwi wa minyoo wanaanza kuzurura mwilini mwake. Wakifika kwenye jicho wanaweza kumwondolea uwezo wa kuona. Kinga ni dawa ya minyoo kwa watoto wa mbwa kuanzia wiki mbili za umri, irudiwe kila wiki mbili mwanzoni, na kuokota kinyesi kabla hakijachanganyika na udongo. Swali langu: mnapopita shuleni kugawa dawa za minyoo kwa watoto, kazi nzuri ambayo nawapongezeni, kwa nini gari lile lile lisibebe dawa za mbwa wa kijiji? Mtoto anameza kidonge asubuhi, jioni anarudi kwenye mchanga ule ule.

Paka na ujauzito ni habari fupi, ila imeleta dhuluma nyingi. Mjamzito akisikia neno toksoplasma, vimelea vya paka vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, paka anatupwa siku hiyo hiyo. Hatari ipo kweli, lakini haiishi katika manyoya ya paka. Paka hutoa vimelea hivyo kwenye kinyesi kwa wiki chache tu, kwa kawaida mara anapoambukizwa kwa mara ya kwanza, na vimelea hivyo huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo sanduku la choo cha paka lisafishwe kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito. Kama hakuna mwingine, avae glavu na anawe. Nyama iive, mboga zioshwe, kwani watu wengi huambukizwa kwa njia ya chakula bila kugusa paka yeyote. Mkunga angeweza kuyasema haya kwa dakika mbili kwenye kliniki ya wajawazito. Hayasemwi, kwa sababu kwenye kadi hakuna mahali pa kuandika kwamba mama anafuga.

Sasa sumu. Hapa nazungumza nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe.

Sumu ya panya inayouzwa kwa kufungiwa kwenye kijikaratasi kisicho na jina huua panya, mbwa na mtoto kwa usawa. Daktari akiletewa mtoto au mbwa aliyeilamba, swali lake la kwanza ni "Alilamba nini?", na hakuna jibu, maana kijikaratasi hakikuandikwa kitu. Tofauti ni kubwa mno. Zipo zinazoshambulia mishipa ya fahamu na kumfanya mtu atokwe mate, atetemeke na ashindwe kupumua muda mfupi tu baadaye. Zipo zinazozuia damu kuganda: aliyezila anaonekana mzima kabisa leo na kesho, halafu baada ya siku kadhaa anaanza kutoka damu puani, kwenye fizi, ndani ya mwili. Hizi za pili zina tiba inayofahamika, vitamini K, lakini nani ataitoa kwa wakati kwa mtu anayeonekana hana tatizo, kama hakuna anayejua alikula nini? Ofisi zinazosajili viuatilifu mnazo. Marufuku ya kufungua pakiti na kugawa kwa vijiko mnayo kwenye vitabu. Tunaomba itembee mitaani.

Kuna na sumu ambazo haziuzwi kama sumu. Parasetamoli, dawa tunayompa mtoto kwa nia njema, kidonge kimoja kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja kama letu na damu yake hupoteza uwezo wa kubeba oksijeni. Ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, akipakwa paka, huanza kutetemeka na kupata degedege. Zailitoli, sukari mbadala iliyomo kwenye baadhi ya bazoka na hata dawa za meno, hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi ya kutisha. Watu hawafanyi haya kwa ukatili. Wanafanya kwa huruma, usiku, mnyama akilia kwa maumivu na hakuna wa kumuuliza. Onyo la mstari mmoja, "Usimpe paka au mbwa", kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma, lingetosha kuokoa wengi. Na namba moja ya simu ya ushauri wa sumu, inayopokelewa saa 24, inayojibu kuhusu mtoto na kuhusu mbwa bila kukwambia umekosea ofisi.

Kama mpaka hapa mnaona nawatetea wanyama kupita kiasi, niwape sababu ya kibinafsi kabisa kwa upande wetu binadamu: wao huugua kabla yetu, na tukiwaangalia watatuambia.

Huko Minamata, Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, paka waliokula samaki wa ghuba walianza kuyumba, kuzunguka na kufa kwa namna ya ajabu, hata wenyeji wakauita ugonjwa wa paka wanaocheza ngoma. Ugonjwa wa watu ulitambuliwa rasmi tarehe 1 Mei 1956. Chanzo kilikuwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha kemikali. Paka walikuwa wameshatoa taarifa. Hapakuwa na dawati la kuipokea.

Mwaka 1999, jijini New York, watu walianza kulazwa kwa homa ya kuvimba ubongo. Wakati huo huo kunguru walikuwa wakidondoka mitaani, na ndege wa bustani ya wanyama ya Bronx wakafa. Hospitali zilifuata kirusi kimoja. Daktari wa wanyama wa bustani ile, Tracey McNamara, alisisitiza kwamba hesabu haikai sawa, kwa sababu kirusi kilichotajwa hakikuwa na tabia ya kuua ndege namna ile. Alikuwa sahihi. Kilikuwa kirusi cha West Nile, kilichotambuliwa kwa mara ya kwanza Uganda mwaka 1937, ambacho kamwe hakikuwa kimeonekana Marekani. Ilibidi agonge milango mingi kabla ya kusikilizwa, naye ana elimu na cheo. Mfugaji wa kawaida ambaye paka wake watatu wamekufa wiki moja atagonga mlango gani?

Ninachopendekeza hapo hakihitaji jengo jipya. Kila wiki, ofisa wa takwimu wa hospitali na daktari wa mifugo wa eneo hilo wabadilishane karatasi moja: kwenu wameugua nini, kwetu wamekufa nini. Waking'amua kwamba mbwa na watoto wa mtaa mmoja wanatapika, wapime maji ya mtaa huo.

Kuna jambo la mwisho ambalo huwa linachekwa. Watu hawaachi wanyama wao. Kimbunga Katrina kilipokaribia kusini mwa Marekani mwaka 2005, wapo waliokataa kuondoka majumbani kwa kuwa mabasi na makambi hayakupokea mbwa wala paka, na waokoaji wakalazimika kuwarudia mafurikoni. Mwaka uliofuata nchi ile ikatunga sheria kwamba mipango ya maafa inayotaka fedha za serikali kuu iwe na sehemu ya wanyama wa nyumbani. Mipango yetu ya mafuriko, moto na tetemeko iseme wazi mnyama atakwenda wapi, atafungwa kwa kitu gani, nani atabeba chakula chake. Vilevile kwa mwanamke anayepigwa nyumbani, anayebaki kwa sababu akiondoka mbwa ndiye atakayelipa, na kwa mzee aishiye peke yake anayekataa kulazwa kwa kuwa hana wa kumwachia paka. Wahudumu wanaowafahamu watu hawa wanajua simtungi mtu yeyote. Mtu anayemkatalia daktari kitanda kwa ajili ya paka ana sababu yake, na kazi ya mfumo ni kuiuliza sababu hiyo na kuipatia jibu, kwa mfano orodha ya majirani au vituo vinavyopokea mnyama kwa siku chache.

Waheshimiwa, sidhani kama mnaweza kuyafanya yote haya mwaka mmoja. Mkiniuliza mimi wapi pa kuanzia, ningeanza na yasiyo na gharama. Ongezeni mstari mmoja kwenye kadi ya kliniki ya mama na mtoto: "Nyumbani kuna mnyama gani? Amechanjwa lini?" Ongezeni mwingine kwenye daftari la daktari wa mifugo: "Nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito, au mwenye kinga dhaifu?" Halafu bomba na sabuni. Halafu sindano bila barua.

Kisha siku moja ya chanjo. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nayo kwa kawaida huishia kwenye fulana na hotuba. Lengo la dunia, lililowekwa mwaka 2015, ni kwamba ifikapo 2030 asife mtu yeyote kwa kichaa kinachotokana na mbwa, na miaka iliyobaki si mingi. Ifanyeni iwe siku ambayo mzazi anakuja na kadi ya mtoto mkono mmoja na kamba ya mbwa mkono mwingine, wote wawili wakahudumiwa hapo hapo. Tutangazieni mapema, tuambieni ni bure ili wasio na uwezo wasibaki nyumbani, na wekeni foleni ya paka mbali na ya mbwa, kwa faida ya kila mmoja.

Nitakuja na wangu. Mbwa nitamfunga mdomo, paka atakuwa kwenye kapu lenye mfuniko, maana ana hasira. Kabla ya hapo, nasubiri jibu lenu kwa maandishi, likiwa na saini za wizara zote mbili kwenye karatasi moja.

Wenu,
Mzazi na mfugaji